Transkripti Yenye Sapu Tatu

Za mchana. Kule nyuma mnanisikia? Haya.

Leo ni kuomba masta, yaani shahada ya pili, nje ya nchi wakati transkripti yako, ile karatasi ya matokeo ya chuo, si nzuri. Nianze na yangu. Nilimaliza shahada ya sayansi ya kompyuta na GPA, yaani wastani wa alama, ya 2.8 kati ya 5. Sapu tatu, yaani mitihani ya marudio, na moja nikaikeri, nikairudia kozi mwaka uliofuata. Mnacheka, kumbe mnazijua.

Mara ya kwanza kuomba masta nje, niliandika barua ya maombi ya kurasa mbili. Aya nne nzima za bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, kuchelewa, chumba cha watu sita, malaria wiki ya mtihani. Yote kweli tupu. Vyuo vitano, vyote vikanikataa. Mwalimu wangu mmoja akaichukua ile barua na kalamu nyekundu, akafyeka, zikabaki sentensi mbili: "Mwaka wa pili nilifeli masomo matatu nikiwa nafanya kazi usiku. Mwaka wa tatu niliacha kazi hiyo, nikapata A ya Algoriti na B+ ya Hifadhidata." Akasema, "Umeshajieleza. Sasa ulichotengeneza kiko wapi?"

Sikuwa na kitu. Nilikuwa na kikokotoo, kama ninyi.

Nikaanza na jambo dogo. "Neema amefika" ni mtu. "Neema imefika" ni baraka. Sisi tunatofautisha kwa a- na i- bila hata kufikiri. Programu ya kutambua majina niliyoifundisha kwa data ya MasakhaNER, ile ya bure iliyotolewa na Masakhane, jumuiya ya watafiti wa lugha za Afrika, mwaka 2021, lugha 10 za Afrika, Kiswahili kimo, ilizichanganya. Nikatunga sentensi 200 za akina Neema, Baraka, Rehema na Riziki, nikahesabu makosa, nikaweka kila kitu GitHub, ile tovuti ya kuonyesha kazi za programu. Miezi minne, jioni jioni. Mwaka uliofuata chuo kimoja kilinikubali, na kwenye mahojiano waliniuliza habari za Neema tu.

Hapo kwenye GPA, msijibadilishie wenyewe. 2.8 ya kwetu ni daraja la pili la chini, na si 2.8 ya Wamarekani ambao kipimo chao kinaishia 4. Andika "2.8 kati ya 5.0", uambatishe ukurasa wa chuo unaoeleza madaraja.

Na kama transkripti inakutia aibu kabisa, Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, wana masta ya kompyuta ya mtandaoni ambayo hawakuombi transkripti. Unasoma kozi tatu za kuingilia, ukipata wastani wa 3.0 kati ya 4 umeingia. Ada ipo, tena ya dola, kwa hiyo piga hesabu kwanza.

Ndiyo, dada pale mbele? Darasa la watu mia tatu, mwalimu hakujui, nani akuandikie barua ya mapendekezo?

Usimwombe huyo. Mwendee aliyesimamia mradi wako wa mwisho, hata kama alikupa C. Mpelekee ripoti yenyewe wiki sita kabla ya tarehe ya mwisho. Wangu nilimpelekea zikiwa zimebaki siku tano. Aliandika mistari minne, mmoja ukiwa wa tarehe.