Mwiba Uko Unyayoni, Mtoki Uko Kinenani

Wazazi wenzangu, nanyi wanafunzi wa uuguzi mliokaa huku mbele, habari za asubuhi.

Naanza na mtoki, maana sidhani kama yupo hapa asiyeujua. Nilikuwa na miaka tisa nilipochomwa na mwiba unyayoni. Nikaficha, nikachechemea siku mbili. Siku ya tatu mama akanilaza mkekani, na wala hakuanza na mguu. Alibonyeza kinenani kwa vidole viwili, akakuta kitu kigumu kama kokwa ya zambarau. Akauliza, "Kidonda kiko wapi?" Mama hakusomea udaktari, ila alijua kwamba unyayo na kinena vina mawasiliano. Leo tuyafuate hayo mawasiliano.

Juu kabisa ya ngozi kuna seli zilizokufa, zimebanana na kushikana kwa mafuta. Pana uchachu kidogo, na bakteria wetu wenyewe wasiotudhuru, ambao hawaachii wageni nafasi. Vimelea vingi huishia hapo.

Mwiba ukipenya, mambo yanabadilika. Seli za ngozi zilizojeruhiwa hutoa kemikali za kuita msaada. Chini yake kuna seli zenye vifuko vya histamini, na vifuko hivyo hupasuka. Ndiyo histamini hiyo hiyo inayokuwasha ukiumwa na mbu. Mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvuja, na ndani ya saa chache seli nyeupe zinamiminika kuja kumeza bakteria. Nyingi hufia hapo hapo. Usaha unaoukamua ni maiti zao pamoja na bakteria waliouawa.

Wauguzi, hapa nisikilizeni vizuri. Vitabu vingi vinasema mtafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Pagusie mgongo wa kiganja, utasikia joto. Pagonjwa pamevimba, pamekaza, pengine pamekuwa peusi zaidi. Usimrudishe mtu nyumbani kwa sababu hukuona wekundu.

Sasa turudi kwenye mtoki. Mwaka 1868, kijana Paul Langerhans, mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, aliona kwenye ngozi seli zenye matawi kama mti. Akadhani ni za neva. Ilipita zaidi ya miaka 100 ndipo ikafahamika kwamba ni walinzi. Seli hizo, pamoja na ndugu zao wa tabaka la chini, hunasa kipande cha kimelea, huacha ngozi, na kusafiri nacho kupitia mishipa ya limfu, yaani ile inayobeba majimaji ya mwilini, hadi kwenye tezi za kinenani. Pale huzionyesha seli T, aina ya seli nyeupe za damu. Ile inayokitambua huanza kuzaliana kwa wingi, na tezi inavimba. Mtoki wangu ulikuwa jeshi linalokusanywa. Baada ya vita, baadhi ya seli hizo hurudi kuishi ngozini kwa miaka, zikimkumbuka adui.

Ndiyo maana mkorogo unaniuma roho. Krimu nyingi za kung'arisha zimechanganywa na steroidi kali, na steroidi kazi yake ni kuzinyamazisha seli hizi zote. Dada mwenye fangasi shingoni anapaka, muwasho unakwisha, anafurahi. Fangasi naye anaendelea kutambaa bila kubughudhiwa, na umbo lake linabadilika hata mganga anashindwa kumtambua. Ngozi inakuwa nyembamba, na kidonda kinakawia kupona. Dada zangu, nawaomba, muwasho ni sauti ya mlinzi.

Nimalizie na chanjo ya BCG, ile ya kifua kikuu. Kwa nini muuguzi anaingiza sindano juu juu, hadi panatokea kiuvimbe chenye vinyweleo kama ganda la chungwa? Anaipeleka kwenye ngozi makusudi, walipo walinzi wa matawi. Wiki chache baadaye kinatoka kijipele, kinapasuka, kinaacha kovu. Mama, kijipele hicho usikikamue, usikipake dawa wala majivu. Kioshe kwa maji safi, kiache wazi.

Karibuni kwa maswali.