Kiputo, Uzi na Jiwe la Volkano

Wababa, wamama na wanafunzi wa Goma, karibuni. Hapa mezani kuna beseni la maji ya sabuni, waya, uzi na jiwe la volkano. Jiwe halikunisumbua kulitafuta, mnajua wenyewe. Swali letu ni lile la watoto: ukipuliza sabuni kwenye kitanzi cha pembe nne, mbona kiputo kinatoka mviringo?

Tuanze na uzi. Waya huu nimeukunja uwe pete yenye kipenyo cha sentimita 10. Ndani yake kuna kitanzi cha uzi wa pamba chenye mzunguko wa sentimita 12, kimeshikizwa kwenye waya kwa uzi mwingine uliolegea. Nailoni haifai, ni ngumu. Nalowesha uzi kwanza, nachovya pete, naitoa polepole. Mnaona? Kitanzi kimelala ovyo juu ya utando wa sabuni, kimejikunjakunja. Sasa natoboa utando kwa njiti kavu, ndani ya kitanzi tu.

Pa! Uzi umekaza, umekuwa duara.

Molekuli za maji huvutana. Zile za usoni hazina wenzao upande wa hewani, hivyo uso wote hujikaza mithili ya ngozi ya ngoma. Ndio mvutano wa uso. Utando wa ndani ulipopasuka, ule wa nje uliuvuta uzi kutoka kila upande kwa nguvu ileile, mpaka wenyewe ukabaki mdogo kadiri inavyowezekana. Pigeni hesabu: uzi wa sentimita 12 ukiwa mraba unazunguka eneo la sentimita za mraba 9, ukiwa duara, karibu 11.5. Shimo limepanuka, utando umepungua.

Kiputo nacho ni vivyo hivyo, ila kimefungia hewa. Ngozi inataka kusinyaa, hewa haina pa kutokea. Lita moja ya hewa ndani ya mchemraba inadai ngozi ya sentimita za mraba 600; ndani ya tufe, 484 basi. Kwamba hakuna umbo linaloishinda tufe kwa hilo, Hermann Schwarz wa Ujerumani alilithibitisha kihisabati mwaka 1884. Ile pembe nne ya kitanzi haidumu: penye kona utando umepinda zaidi, unavutwa ndani kwa nguvu zaidi, kona inafutika. Kiputo kikubwa hutikisika kwanza kabla ya kutulia. Kidogo hakikupi hata nafasi ya kuona.

Tofauti hiyo ina hesabu yake. Utando wa sabuni una mvutano wa kama newtoni 0.025 kwa mita. Kiputo chenye nusu kipenyo cha sentimita 1 kina shinikizo la ndani linalozidi la nje kwa paskali 10, sawa na uzito wa maji ya kina cha milimita 1. Nusu kipenyo kikiwa sentimita 3, ziada inashuka hadi paskali 3.3. Kwa hiyo ukiunganisha viputo viwili kwa mrija, kidogo ndicho kinachojimwaga ndani ya kikubwa. Wengi hukisia kinyume.

Kwa watakaojaribu nyumbani: maji lita 1, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo mililita 100, gliserini vijiko 2 vya mezani. Koroga taratibu bila kutoa povu, acha usiku kucha. Sabuni ya kipande ndani ya maji ya ziwa itawaangusha, kwani madini ya magnesi ya Ziwa Kivu hushikana nayo na kuacha mabaki meupe. Na msidhani sabuni huongeza mvutano. Huupunguza hadi kama theluthi ya ule wa maji matupu. Kazi yake ni kuokoa utando: unapokonda, sabuni ya pale inatawanyika, mvutano wa pale unapanda, maji yanavutwa kurudi kuziba udhaifu.

Ngozi hii hushindwa pia. Kiputo cha gesi kinachopanda majini kikiwa chini ya milimita 1 kwa upana ni mviringo. Cha milimita 5 kimebapa, kinayumbayumba. Kikipita sentimita 2 hivi kinakuwa kama kofia, juu mviringo, chini bapa, kwa sababu maji kinayoyasukuma yana nguvu kuliko ngozi yake.

Sasa lipitisheni jiwe. Lava ya Nyiragongo, volkano yetu, ilipopanda, gesi iliyoyeyuka ndani yake ilitoka, ikaacha matundu haya. Lava ilikuwa ikitembea huku ikiganda. Tafuteni matundu madogo kama kichwa cha pini: ni mviringo. Yale makubwa yamerefuka, na mengi yameelekea upande mmoja, ule ambao lava ilikuwa inakwenda.