Matema kwa Miguu: Mchanga, Kivuli cha Mlima na Saa ya Kugeuza

LUSAJO: Ndaga fijo, yaani asanteni sana kwa Kinyakyusa, wasikilizaji, karibuni. Leo tunapanga matembezi mepesi ya siku moja Matema, wilaya ya Kyela, pale Ziwa Nyasa linapoishia kaskazini. Nimesema mepesi, dada Atu, usinikatize.

ATUPELE: Sikukatizi, nakusahihisha. Ni mepesi kwa maana hakuna mlima wa kupanda. Tatizo ni mchanga. Mtu wa Mbeya akiona ufuko umelala bapa anapiga hesabu za kilomita kama yuko kwenye lami. Mchanga mkavu unakula nguvu zaidi ya mara mbili ya ardhi ngumu: mguu unazama, na ukijisukuma mbele mchanga unakimbilia nyuma.

LUSAJO: Basi tupite wapi?

ATUPELE: Kwenye ukanda uliolowa, pale wimbi likirudi linaacha mchanga umeshikamana. Ukiona unaacha alama ya soli tu, endelea hapohapo. Ukizama hadi kifundoni, hama. Angalia kitu kimoja lakini: ukanda huo umeinamia ziwani, kwa hiyo mguu wa upande wa maji uko chini muda wote. Nyonga na goti vinachoka upande mmoja. Ukirudi kwa njia ileile, mzigo unahamia mguu wa pili. Ukienda upande mmoja tu, kila dakika 20 hivi panda juu kidogo utembee pasipo na mwinamo.

LUSAJO: Njia yenyewe sasa. Tunatoka ufukweni Matema tunaelekea mashariki hadi Lyulilo, kama kilomita 2. Ufuko unaisha, mlima unaingia ziwani, unashika kijia chini ya miti kwenda Ikombe, kijiji cha Wakisi wafinyanzi. Upande wa magharibi hatuendi. Kule kuna mdomo wa mto Lufilyo na mamba wapo. Hapavukwi kwa miguu, hata mwenyeji akikwambia maji yamepungua.

ATUPELE: Na kuondoka ni saa ngapi?

LUSAJO: Saa 12:30 asubuhi, maana yake usiku ulilala Matema. Anayetaka kutoka Mbeya alfajiri, apite Tukuyu, Kyela na Ipinda, atafika jua limeshakolea na siku imeshaliwa na gari. Faida ya asubuhi ni kivuli. Safu ya milima ya Livingstone imesimama mashariki, kwa hiyo jua linachelewa kuufikia ufuko. Hicho kivuli ni cha bure, kitumie. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko chini ya mita 500. Joto linaongezeka nyuzi 7 hivi kwa kushuka tu. Sweta liishie kwenye begi la gari.

ATUPELE: Hapa ndipo tunapogombana kila tukipanga njia hii. Wengi wanataka waende kwa miguu, warudi kwa mtumbwi.

LUSAJO: Si ndiyo raha yenyewe? Umechoka, unapakiwa.

ATUPELE: Raha hiyo inategemea ziwa, kaka. Miezi ya kiangazi kuna mwera, upepo wa kusini-mashariki, na huo unasafiri juu ya maji marefu bila kizuizi. Asubuhi ziwa limetulia, mchana mawimbi yanapiga pembeni mwa mtumbwi, na ufuko wa mawe chini ya mlima hauna pa kutia nanga kirahisi. Mwenye mtumbwi akisema leo hapana, umekwama na watoto na maji yameisha. Ukitaka mtumbwi, panda asubuhi kwenda, rudi kwa miguu. Bei mpatane kabla ya kupanda, na kama hakuna jaketi la kuokolea, usipande.

LUSAJO: Ukifanya hivyo kivuli umekipoteza, unarudi na jua kichwani.

ATUPELE: Kwenye kijia kuna miti. Ni ule mchanga wa Lyulilo hadi Matema tu utakaokuchoma. Ila kwa familia mimi nasema miguu kwenda, miguu kurudi, na saa ya kugeuza iwe moja: saa 3:30. Mkiwa mmefika Ikombe au hamjafika, hapo mnageuza. Anayetembea polepole kuliko wote atangulie mbele, asiachwe nyuma.

LUSAJO: Nakubali, shingo upande. Maji?

ATUPELE: Nusu lita kwa saa kwa kila mtu, kwa hiyo lita 3 kwa mkubwa, saa 3 kwenda na 3 kurudi, na chupa moja ya ziada kwa kundi. Paketi moja ya ORS, ile chumvichumvi anayopewa mtu anayeharisha, iwe mfukoni. Mtu akianza kuumwa kichwa na misuli inakaza, ndiyo dawa ya kwanza, pamoja na kivuli. Chakula: viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, ndizi mbivu. Mayai ya kuchemsha acheni, joto la Kyela si la Uyole kule Mbeya.

LUSAJO: Viatu viwe raba nyepesi. Mchanga ukiingia kwenye soksi, simama ukung'ute papo hapo. Usisubiri lengelenge. Mafuta ya mgando katikati ya vidole kabla ya kuanza yanasaidia sana.

ATUPELE: Na kuogelea, maana ndilo swali la kwanza kila mara. Kichocho kipo Ziwa Nyasa. Konokono wake wanapenda maji yaliyotulia yenye majani na matete, na vimelea vinatoka zaidi jua likiwa kali, vinapenya ngozi ndani ya dakika chache. Kujifuta haraka kwa taulo si kinga ya kutegemea. Ukiingia majini, mwambie daktari. Kuna vidonge vya praziquantel, na vinafaa vimelea vikishakomaa, wiki kadhaa baadaye, si kesho yake.

LUSAJO: Msimu ni Juni hadi Oktoba. Aprili Kyela inanyesha hasa, vijito vinajaa na kijia kinateleza. Basi.

ATUPELE: Jumamosi kuna soko la vyungu Lyulilo, kwa hiyo kama ratiba inaruhusu, chagua siku hiyo. Ila nunua wakati wa kurudi. Kipige chungu kwa kifundo cha kidole: kikilia vizuri ni kizima, kikitoa sauti ya kukwama kina ufa hata kama huuoni.

LUSAJO: Ndani ujaze nguo, nje ukifunge kanga, na kwenye gari kikae mapajani. Konda atataka kukitupia kwenye buti na magunia ya mchele. Mkatalie.