Lugar Lang: Siku Nane Katika Mabasi ya Bohol

Mhadhara uliotolewa mbele ya wanafunzi wa utalii, Unguja

Asalaam aleikum. Walimu wangu mliokaa mstari wa mbele, shikamooni. Vijana, karibuni, mliosimama mlangoni sogeeni ndani, nafasi ipo.

Hiki kilichofungwa kanga hapa mezani nitakifungua baadaye. Naomba tu meza isitikiswe.

Nimetakiwa nizungumze habari ya kusafiri peke yako. Nitazungumzia mkoa mmoja tu, Bohol, katikati ya visiwa vya Ufilipino, kwa sababu huo nimeujua kwa kukaa kwenye viti vya mabasi yake. Bohol ni kisiwa, ukubwa wake karibu mara mbili ya Unguja na Pemba kwa pamoja. Kina manispaa 47 na mji mkuu wake ni Tagbilaran. Mimi nilifika kwa boti kutoka Cebu, kisiwa cha jirani, safari ya kama saa mbili.

Kilichonipeleka huko ni Muscat. Nilifanya kazi hotelini kule miaka mitatu, chumba kimoja na dada mmoja wa Bohol. Mnajua maisha ya Ghuba: Mswahili na Mfilipino wanakutana kwenye ghala la mashuka kabla hawajakutana mahali pengine popote. Usiku alinifundisha maneno ya kwao, mimi nikamfundisha ya kwetu. Siku naaga aliniambia neno moja: "Ukifika kwetu, usipande gari ya watalii. Panda basi la Carmen, ukae upande wa kulia."

Carmen ni mji wa ndani ya kisiwa, na upande wa kulia wa basi lake ndio wa bahari. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alikuwa akiniambia zaidi ya hilo.

Hoteli za Panglao, kisiwa kidogo cha pembeni chenye fukwe nyeupe, zinauza ziara ya siku moja. Unachukuliwa asubuhi kwa gari lenye kiyoyozi. Unaoneshwa sanamu ya mapatano ya damu, kanisa la zamani, mnyama mdogo mwenye macho makubwa, chakula cha mchana juu ya mto, msitu wa mikangazi uliopandwa kwa mkono, halafu vilima maarufu. Jioni umerudi. Sisemi ziara hiyo ni uongo, kila kilichomo ni cha kweli. Ila vyote hivyo vimepangwa kando ya barabara moja, na barabara yenyewe hawakuoneshi. Mimi nilikaa siku nane kwenye barabara hiyo na nyinginezo, na mengi ninayoyakumbuka hayamo kwenye orodha yao.

Nianze na jipni, maana ndiyo iliyonishika siku ya kwanza. Ni gari iliyozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili, Wamarekani walipoacha jipu zao na mafundi wa Kifilipino wakazirefusha, wakaweka mabenchi mawili yanayotazamana. Waliowahi kupanda chai maharage hawahitaji maelezo: magoti kwa magoti, kikapu cha samaki katikati, upepo unaingia pande zote. Jipni nyingi za mjini hazina utingo. Niliingia nikakaa nyuma ya dereva kabisa, kwenye upepo. Gari ikaondoka. Mara mkono ukanigusa bega, umeshika sarafu. "Bayad, palihug." Malipo, tafadhali. Sikujua kwamba aliyekaa nyuma ya dereva ndiye mpokeaji. Abiria wa mwisho kule mlangoni anatoa hela yake, inapita mkono kwa mkono, watu sita, saba, hadi kwangu. Mimi nampa dereva, dereva anahesabu chenji huku anaendesha, na chenji inarudi njia ileile mpaka kwa mwenyewe. Hakuna anayeuliza, hakuna anayegeuka kutazama kama hela yake imefika.

Nilishika nauli za watu nisiowajua, mimi mgeni mweusi mwenye mtandio, dakika ishirini kamili. Hakuna ofisi wala mwongoza watalii angeweza kunipa kazi ile.

Kushuka nako kuna ufundi wake. Sisi tunasema "shusha!" Wao husema "lugar lang!", yaani hapahapa tu. Lugar waliachiwa na Wahispania, maana yake mahali. Ukiona haya kupaza sauti, gonga sarafu kwenye bomba la chuma juu ya kichwa, dereva anasikia. Na wajueni wenyeji kwa majina ya heshima: mwanamume aliyekuzidi umri ni Nong, mwanamke ni Nang. Mimi waliniita Day, kama unavyomwita binti. Ukisema "Nong, palihug" mlango wa moyo unafunguka, kama kwetu mgeni akianza na shikamoo.

Kuna jambo moja la madereva nataka mlijue. Wengi hawamiliki magari. Kila siku wanampelekea mwenye gari kiasi kilichokubaliwa, kinachobaki ndicho chao. Wao wanaita baundari. Sisi tunaita hesabu. Ni kitu kilekile, na ndicho kinachoeleza kwa nini dereva anangoja gari ijae huku wewe unatazama saa. Tangu mwaka 2017 serikali yao ina mpango wa kuondoa jipni za zamani na kuleta magari mapya, bei yake inapita peso milioni 2 kwa gari moja, na madereva wajiunge kwenye ushirika. Migomo imekuwa mingi. Ninyi mtakaokuja kupanga usafiri wa visiwa hivi, someni habari ile vizuri, kwa sababu daladala zetu nazo zitafika pale.

Sasa basi la Carmen. Kituo kikuu kiko Dao, pembeni mwa Tagbilaran. Wapiga debe wapo, wana sauti zilezile. Kondakta anakuja na kitita cha tiketi nyembamba na koleo dogo, anatoboa matundu: ulipopandia, utakaposhukia, nauli. Mwanafunzi na mzee wanapunguziwa asilimia 20, ni sheria ya nchi. Nilimwona kijana wa skuli anaonesha kitambulisho bila kuombwa na kondakta anatoboa tundu lake bila neno. Nililitazama tundu lile kwa wivu, wallahi, nikiwakumbuka wanafunzi wetu wanaoachwa vituoni asubuhi.

Basi linatoka mjini linafuata bahari. Baclayon, kanisa la mawe ya matumbawe, mawe yaleyale ya Mji Mkongwe. Kabla ya hapo unapita Bool, penye sanamu ya Sandugo: mwaka 1565 chifu wa Bohol, Datu Sikatuna, na Mhispania Legazpi walichanja mikono, wakachanganya damu na kinywaji, wakanywa. Bibi zetu bara wanaujua undugu wa kuchanjiana, hauhitaji tafsiri. Magari ya watalii yanasimama pale watu wapige picha. Basi langu halikusimama, na sikujuta.

Nilijuta kitu kingine. Siku ya pili, kabla ya Loay, dirishani niliona moshi mzito ukitoka kwenye banda la makuti, na rundo kubwa la makumbi ya nazi. Basi likapita. Makumbi! Mimi nimelelewa na bibi Makunduchi, aliyekuwa akifukia makumbi ufukweni, akiyawekea mawe juu, akayafukua baada ya miezi na kuyapondaponda kupata usumba wa kusokotea kamba. Nikaona lazima nijue watu hawa wanayafanyia nini. Basi linalofuata upande wa pili nikalisimamisha kwa mkono, nikarudi. Ndio uhuru wenyewe huo: ile ya kiyoyozi ingekuwa imeshafika mtoni.

Mji ule unaitwa Alburquerque, wenyewe wanasema Albur. Wanatengeneza chumvi. Makumbi yanalowekwa miezi kwenye mashimo yanayojazwa na maji ya bahari, hadi yashibe chumvi. Yanatolewa, yanakatwakatwa, yanakaushwa, kisha yanachomwa polepole siku kadhaa hadi yawe majivu. Majivu yanawekwa kwenye vichungi vikubwa vya mianzi vyenye umbo la faneli, maji ya bahari yanamiminwa juu, na yale yanayochuruzika chini, makali kupita kiasi, ndiyo yanayochemshwa. Kwenye vyungu vya udongo vilivyopangwa safu juu ya moto. Mzee mmoja alikuwa akizunguka na kata, anaongeza maji kila chungu kinapopungua, saa baada ya saa, macho mekundu kwa moshi. Chini ya chungu udongo unapasuka kwa moto, chumvi ndani inagandamana ikawa kitu kimoja kigumu. Inaitwa asin tibuok, chumvi nzima.

Nikamwambia kwa maneno yangu machache ya Muscat kwamba bibi yangu naye alikuwa mtu wa makumbi. Nikamwonesha kwa viganja namna ya kusokota. Akaacha kata. Akamwita mkewe atoke nyumbani aje kuona.

Kazi hii ilikaribia kufa. Mwaka 1995 Ufilipino ilipitisha sheria ya kutaka chumvi yote itiwe madini ya joto, kwa ajili ya afya, na sababu yake ni nzuri. Lakini chumvi iliyoganda ndani ya chungu unaitiaje? Chumvi ya viwandani nayo ni rahisi. Zimebaki familia chache, na wanaowasaidia kudumu ni wanunuzi wa mbali waliokuja kuithamini baadaye.

Baada ya Albur barabara inaingia ndani, kwenye mto wa Loboc. Hapa nitasema polepole kidogo. Tarehe 15 Oktoba 2013, saa 2 na dakika 12 asubuhi, Bohol ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.2. Zaidi ya watu 200 walikufa. Makanisa ya karne nyingi yalianguka, la Loboc likiwemo, na huko Inabanga ardhi yenyewe ilinyanyuka ukawa ukuta wa mwamba katikati ya mashamba. Nilikaa benchi la kanisa lile, sasa limejengwa upya, na bi mzee aliyekuwa akifagia akaniuliza dini yangu. Nikamwambia. Akaweka ufagio ukutani, akanishika mkono. Siku ile, akasema, skuli zilifungwa, ilikuwa sikukuu yenu. Na ni kweli: Ufilipino nzima ilikuwa mapumziko ya Idi ya kuchinja, katika mkoa ambao karibu wote ni Wakatoliki. Madarasa yalianguka yakiwa matupu.

Sikuwa na la kumjibu. Tulikaa tu.

Mamag, yule mnyama mdogo, nitampitia haraka. Ni kama komba wetu, mdogo zaidi, anaenea kiganjani, macho hayageuki bali anageuza kichwa. Ni wa usiku, na kelele za watu mchana zinamdhuru. Nendeni hifadhi ya Corella, ambako mnaongozwa wachache wachache na mnanyamaza. Ni jipni na pikipiki kutoka Tagbilaran.

Vilima vya Carmen navyo mmeviona kwenye picha. Zaidi ya elfu moja, vya mawe ya chokaa, vya duara kama vitumbua, kijani wakati wa mvua na kahawia kiangazi. Basi linakushusha njia panda kabla ya mji. Kutoka hapo unapanda kwa miguu au kwa habal-habal, ambayo ni bodaboda. Juu kuna ngazi 214. Nilikaa juu hadi jua likaanza kulala, na hapo nilikosea. Mabasi ya ndani ya kisiwa huisha mapema. Niliposhuka njia panda, ilikuwa saa kumi na moja na barabara kimya.

Mwenye duka dogo la pembeni akaniuliza, "Ikaw ra?" Wewe tu? Swali hilo niliulizwa kila siku, na kila siku lilifuatiwa na tendo fulani. Mmoja alihamisha jogoo wake nikae. Mwingine alimwambia kondakta nitakaposhuka, kondakta akaja kuniamsha. Huyu wa duka alinipa kigoda, akampigia simu mwanawe mwenye pikipiki, akataja bei yeye mwenyewe, ya mwenyeji, akamsimamia kijana asiongeze. Nikalala nyumba ya wageni Carmen mjini, asubuhi nikapanda basi la kwanza lililojaa mboga za sokoni.

Kwa mabinti mtakaokwenda peke yenu: tokeni alfajiri, ulizeni saa ya basi la mwisho kabla ya kuuliza kitu kingine, kaeni karibu na kondakta na mumtajie mnakoshuka, wekeni sarafu mkononi. Hayo yalinitosha.

Sasa nifungue kanga. Hii ndiyo asin tibuok ya Albur. Chungu kimevunjwa juu, mnaona kuba la chumvi linavyochomoza kama yai, na rangi ya moshi pale pembeni. Nilikipakata basi zima hadi bandari ya Tubigon, nikakipakata kwenye boti, nikakipakata kwenye ndege. Anzeni hapa mbele, kipitisheni nyuma. Kishikeni kwa viganja viwili, udongo wake ni mwepesi kupasuka. Atakayetaka kuonja akwangue kidogo kwa kucha. Wa mwisho kule mlangoni, ukishakitazama, kirudishe njia ileile.