Mshipi usigande: navyovua juu ya barafu huku Minnesota

Mwangaluka wanangu, mambo vipi Mwanza, shikamooni wazee wote wa Kirumba, Igombe mpaka Ukerewe kule, mimi mzima kabisa. Huku Minnesota, Marekani, ni saa nane mchana, kwenu huko saa tano usiku, najua wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao, na mimi hapa nimesimama juu ya ziwa, juu kabisa yaani, sio kwenye mtumbwi, chini ya buti ni barafu alafu chini ya barafu ndo maji. Na kabla sijafika katikati nimetoboa nikapima, idara ya maliasili ya jimbo inashauri barafu isipungue inchi 4 kwa mtu anaetembea kwa miguu, hii imezidi, kwaiyo mama usiwe na presha.

Ile video ya tipapu, kile kifaa cha kutegea juu ya tundu la barafu, ikiinua bendera samaki akivuta, mmeuliza sana swali moja, tena wengi walouliza ni watu wa migonzo, ile mishipi mirefu ya ndoano nyingi, wanaojua wanachouliza: kama nje ni hasi 15, mshipi haugandi? Unaganda. Na ukiganda kazi imeisha, samaki anakuja anabeba chambo, uzi umekwama hautoki, anausikia ule ubishi anatema anaenda zake. Leo naongelea hilo tu.

Kwanza muelewe baridi iko wapi, maana ukishalielewa hili mengine yote yanajipa. Baridi iko huku juu kwenye hewa, sio kule chini. Maji yakifika nyuzi 4 ndo yanakuwa mazito kuliko maji mengine, yanazama, yale ya baridi zaidi yanabaki juu yanaganda, na ile barafu ikishatanda inayafunika ya chini, ndo maana samaki wanaishi vizuri tu msimu mzima. Sio vile vuguvugu ya ziwa letu ya 25 hivi, hapana, ukitia mkono utauvuta mwenyewe, ila hayajaganda. Kwaiyo uzi ulioko ndani ya maji uko salama. Uzi unaganda pale unapotoka majini ukiwa umelowa ukakutana na hewa. Basi kazi yote ni kuhakikisha uzi unakaa majini muda wote, na ukitoka utoke muda mfupi.

Sasa angalieni tipapu yenyewe, naisogeza kwenye kamera. Hiki kipande cha juu kinalala kwenye tundu hivi, hii nguzo inashuka chini, na kigurudumu cha uzi kiko huku mwishoni, mnaona? Huku chini kabisa. Ukiiweka, kigurudumu kinazama chote, samaki akivuta kinazunguka, kinaachia bendera juu. Wenye fimbo wanahangaika kwa sababu uzi wao unapita hewani, vile vitundu vya fimbo vinaziba barafu kila saa, inabidi achovye ncha ya fimbo majini iyeyuke. Tipapu imelimaliza hilo kwa kuweka kila kitu chini. Ila hii nguzo ndani ina kipini kinachozunguka, kile lazima kiwe na grisi ya baridi, sio grisi yoyote, grisi ya kawaida kwenye baridi hii inakuwa ngumu na bendera haiinuki.

Kwaiyo kinachobaki ni tundu. Tundu limetobolewa na keekee, upana wake inchi 8 hivi, ukiliacha wazi linatanda utando wa barafu na ule utando unaishika nguzo pale inapopita, kigurudumu na uzi viko salama chini lakini tipapu yenyewe imeshikwa, huwezi kuitoa haraka. Ndo maana nalifunika. Zipo tipapu za duara zenye mfuniko wa povu zinafunika tundu lote, mimi hii yangu sio ya duara, nimekata kipande cha povu la godoro nimetoboa katikati, alafu pembeni nakusanya theluji kavu nalizungushia lote, upepo usipite. Theluji kavu ina hewa ndani yake inazuia baridi vizuri sana, msidharau. Na kila baada ya muda napita na huu upawa wa matundu natoa vipande.

Kuna watu wanamwaga mafuta ya kula kwenye tundu ati lisigande. Mimi siungi mkono kabisa, nalisema kwa roho moja. Na nimesikia wengine hadi dawa ya rejeta ya gari, ile ni sumu jamani. Sisi watu wa Mwanza maji ya bomba yanavutwa ziwani pale Capripoint, tunajua ziwa ni tumbo la watu, huwezi kumwaga sumu kwenye maji ya mtu kwa sababu ya uvivu wa kufunika tundu.

Uzi sasa. Uzi wa kusukwa mtupu unanyonya maji katikati ya nyuzi zake, ukitoka hewani unakuwa mgumu kama waya. Chukua ule wa kusukwa uliopakwa plastiki nje, ni mnene, vidole vyenye baridi vinaushika, na maji yanateleza. Mwishoni naunga kipande cha fluorokaboni, uzi mmoja wa plastiki usiosukwa, haunyonyi maji, na kama kuna paiki, huyo samaki mrefu mwenye meno, naweka kipande cha waya maana nailoni anaikata.

Alafu bendera ikiinuka ndo pagumu, maana hapo uzi unatoka nje wote. Navuta kwa mkono kama mshipi wa kwetu, na uzi nauweka kwenye hiki kipande cha mpira nimekitandika, mbali na tundu. Usiuache kwenye lile rojorojo la maji na theluji pembeni ya tundu, ukimaliza kumtoa samaki ndoano utakuta umeshikana na barafu, ukiuvuta kwa nguvu unachubuka. Angalieni hapa, hizi punje nyeupe zimekaa kwenye uzi, nazibana na glavu taratibu zinapasuka, sikunji uzi. Alafu siuzungushi kwenye kigurudumu ukiwa hivi! Natanguliza chubwi na ndoano majini kwanza, uzi wote unashuka, ile barafu inayeyuka yenyewe kule, ndo nazungusha kigurudumu kikiwa karibu na maji. Hiyo ndo siri kubwa kuliko zote nilizosema.

Nikifika nyumbani nafungua uzi wote nautandaza sebuleni ukauke, usiku mmoja unatosha, maana ukiuacha umelowa kwenye gari asubuhi unakuta donge.

Huku msimu wa baridi mtu mmoja anaruhusiwa mishipi miwili tu, sio kama migonzo yetu ya ndoano mia na kitu. Sasa wale wa Igombe na Kayenze mnaotega sangara, niambieni hapo chini, nailoni mnayotumia sasa hivi ni namba ngapi na mnaipata duka gani, nataka niagizie kidogo nijaribu huku kwenye kile kipande cha mwisho.