Kasoro ya kuzaliwa na ugonjwa: kununua kamera ndogo iliyotumika

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote. Nimeombwa nizungumzie kamera ndogo za mitumba, zile za kutia mfukoni, ambazo vijana wa hapa Mombasa wamezirudia ingawa kila mmoja ana simu. Sitawaambia mnunue ipi. Nataka tuseme namna ya kupima kasoro za picha zake, maana kamera kuukuu isiyo na kasoro hamtaipata, na anayeapa kwamba yake haina hata moja, mwacheni na biashara yake.

Mimi kasoro nazigawa mafungu mawili. Kuna ile ambayo kamera imezaliwa nayo, na kuna ugonjwa. Ya kuzaliwa nayo haizidi wala haipungui. Ukishaijua utaizoea, au utairekebisha kwenye kompyuta. Ugonjwa unakua. Kwenye ya kwanza tutaelewana bei. Ya pili, hata nikipewa bure nasita.

Piga picha mnazi uliosimama mbele ya anga jeupe la saa saba mchana, kisha ikuze. Utaona makuti yamezungukwa na mstari wa zambarau. Piga mlango wa nakshi kule Mji wa Kale, zumu ikiwa pana kabisa, utaona miimo imebinuka kwa nje. Hizo ni za kuzaliwa, na programu za kompyuta zinaziondoa bila taabu. Mimi kwa hizo wala siombi kupunguziwa.

Chenga, vile vidoa vidogo vinavyotapakaa picha nzima, ndizo zinazotaka mawazo. Kamera nyingi za mfukoni zina kihisi, kile kinachopokea mwanga na kuunda picha, cha milimita 6 kwa 4.6 hivi, kidogo kuliko ukucha. Ukipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka 800 picha inajaa chenga, au kamera yenyewe inazifuta na kukuachia nyuso zisizo na kope wala vinyweleo. Sony RX100, iliyotoka 2012, ina kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8. Eneo lake ni kama mara nne ya hicho, na tofauti unaiona jua likishatua. Basi jiulize: wewe unapiga nini? Mpiga harusi za usiku ukumbini atateseka na kihisi kidogo. Anayepiga majahazi asubuhi, ISO 100 inamtosha. Tena, picha zako zinatazamwa wapi? Ya kuchapishwa, sentimita 10 kwa 15, inataka pikseli milioni 2 na kidogo tu. Chenga ulizozihesabu kwenye skrini, nyingi hutaziona kwenye karatasi hiyo. Watu wanakuza picha mara nne, wanaikataa kamera, halafu wanatuma picha WhatsApp!

Mfano ninaoupenda ni Fujifilm X10 ya 2011. Lenzi yake inapitisha nuru nyingi, mwili wake unashikika vizuri. Lakini kihisi chake cha kwanza, kila kilipokutana na nukta ya mwanga mkali, jua kwenye bampa au taa ya barabarani, kilichora kiduara cheupe chenye ukingo uliokatika wazi. Kampuni ilitoa kwanza programu ya kupunguza tatizo, kisha 2012 ikaanza kutia kihisi kipya. Kwa hiyo mitumba yake iko ya aina mbili, na kwa kuitazama tu kwa nje huwezi kujua ni ipi. Itoe juani, upige kitu kinachong'aa. Ikichora viduara, hiyo ni kasoro ya kuzaliwa, haitazidi. Mtu wa kupiga watu kivulini ataishi nayo raha mustarehe. Lakini wewe unayetaka kusimama Likoni upige feri, maji yote yanametameta mbele yako? Hapana. Tafuta nyingine.

Sasa ugonjwa, na hapa hewa yetu ya pwani ina mkono wake. Washa tochi ya simu, uimulike lenzi kwa upande, uchungulie ndani. Ukiona vijinyuzi vyembamba vilivyotandaa, hiyo ni kuvu. Inapenda unyevu, na unyevu hapa ni wa bwerere. Mwanzo picha haionyeshi kitu. Baadaye inafifia, hasa ukielekea jua. Lenzi ya kamera ndogo haichomoki, kwa hiyo kuisafisha ni kuifungua kamera nzima, na fundi atakutoza zaidi ya uliyonunulia.

Kuna ugonjwa mwingine ambao wengi hawaujui. Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba vihisi vya aina ya CCD vilivyotengenezwa na Sony, vilivyomo pia ndani ya kamera za Canon, Nikon, Fujifilm na wengine, vilikuwa vinakatika nyaya zake za ndani palipo na joto na unyevu. Joto na unyevu! Kamera za Canon PowerShot A60, A70 na A75 zimo. Picha inatoka na mistari, rangi zimevurugika, au nyeusi kabisa. Wakati ule zilitengenezwa bure. Leo hakuna wa kukutengenezea. Ukikutana nazo, iache kamera iwake dakika kadhaa ipate moto, ndipo upige.

Vumbi kwenye kihisi: vuta zumu mpaka mwisho, piga anga, tafuta madoa yasiyohama. Kamera iliyoanguka nayo ina alama yake, upande mmoja wa picha hauko wazi. Piga ukuta ukiwa umeukabili sawasawa, kisha igeuze kamera juu chini upige tena. Upande mbovu wa ukuta ukigeuka pamoja na kamera, lenzi imekaa upande. Kama haukugeuka, ni wewe uliyesimama vibaya.

Mwisho, nendeni na betri iliyojaa na kadi ndogo, ya SD ya gigabaiti 2 au chini. Kamera nyingi za kabla ya 2006 hazisomi SDHC, zile kadi za SD kubwa zaidi ya hapo, na muuzaji atakwambia imekufa au nzima apendavyo, kwa kuwa huna kadi ya kumjibu.

Haya, kamera za mezani hapa shikeni, pigeni. Ile nyeusi ya mwisho ina kuvu, nimeileta makusudi. Atakayeiona anionyeshe iko kioo cha ngapi.