Kuokoa Kiungo, Si Uhai Peke Yake: Matibabu Mapya ya Sumu ya Nyoka
(Mhadhara kwa wahudumu wa afya wa vijiji, Gulu)

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na wanaobaki na ulemavu wa kudumu au kukatwa kiungo ni karibu mara tatu ya hao. Leo nawazungumzia hawa wa pili: mkulima aliyepona, lakini mkono wake haushiki tena jembe.

Mmewaona wenyewe. Kifutu akimuuma mtu kwenye kifundo, uvimbe unapanda hadi gotini, ngozi inakaza na kung'aa, kisha yanatoka malengelenge yenye maji ya damu. Swila mtema mate naye huacha doa jeusi. Ukiligusa, mgonjwa hasikii kitu. Nyama imekufa pale, na uharibifu huo huanza dakika chache tu baada ya meno kuingia.

Antivenomu tunayoitegemea hutengenezwa kwa kingamwili za wanyama, hasa farasi. Inaokoa maisha, na mgonjwa anayeihitaji asicheleweshwe. Lakini kingamwili hizo ni kubwa, hazipenyi vizuri kwenye nyama iliyovimba. Tena mpaka bodaboda imfikishe mgonjwa penye dripu, saa zimepita. Nyama iliyokwisha kufa, antivenomu haiifufui.

Ndiyo maana watafiti wanatafuta dawa ndogondogo, ikiwezekana za kumeza, za kuanzia kijijini. Sumu ya kifutu ina vimeng'enya, yaani protini zinazoharibu nyama, visivyofanya kazi bila zinki. Dawa iitwayo DMPS, iliyozoeleka kutibu sumu ya zebaki, huinasa zinki hiyo. Imeshajaribiwa kwa watu wazima wenye afya huko Kilifi, Kenya, wakaivumilia vizuri. Bado kuipima kwa walioumwa. Nyingine, varespladibu, huzuia kundi jingine la vimeng'enya. Katika jaribio la Marekani na India haikuonyesha tofauti ya wazi kwa wagonjwa wote kwa jumla, ila walioipata ndani ya saa 5 walielekea kunufaika zaidi. Mimi hizo saa 5 nazichukulia kwa uzito mkubwa.

Kwa swila mtema mate, mwaka 2024 watafiti wa Sydney na Liverpool walionyesha kwamba dawa za jamii ya hepari zilipunguza kidonda kwa panya. Tafadhali, msikimbilie kuiomba hospitalini! Hepari huzuia damu kuganda, na aliyeumwa na kifutu anaweza kuwa tayari anavuja damu. Mwaka 2025 watafiti wakiongozwa kutoka Denmark wakatangaza mchanganyiko wa vipande vidogo vya kingamwili, vilivyoanzia kwa lama na alpaka, wanyama wa jamii ya ngamia, dhidi ya sumu za jamii ya swila na koboko (nyoka aitwaye mamba kwa Kiingereza) wa Afrika. Huo nao bado uko kwa panya.

Dawa hizi zikifika, za kwanza zitapita mikononi mwenu. Kwa sasa, msifunge kamba: inaibana sumu palepale na kukata damu. Msichanje, na jiwe jeusi liacheni. Vueni pete na bangili kabla mkono haujavimba. Mgonjwa atulie, kiungo kisitikisike, asafirishwe upesi. Chukueni kalamu, choreni mstari kwenye ukingo wa uvimbe, na pembeni yake andikeni saa aliyoumwa. Daktari atakayempokea ataihitaji saa hiyo kabla ya kitu kingine.

Karibuni kwa maswali.